Udi Hauna Kike Wala Kiume



Ukiingia katika duka la manukato siku hizi, khasa huko Ulaya, utakuta rafu ya wanaume na rafu ya wanawake. Baina yake pamezuka rafu ya tatu, ya manukato ya wote, na vijana wetu huizungumza kama kwamba ni uvumbuzi mkubwa. Mwaka 1994 Calvin Klein walitoa CK One, ikatangazwa kwa wavulana na wasichana pamoja. Mwaka 2007 Tom Ford akatoa Oud Wood, harufu ya miti, udi na sandali na hiliki kidogo, nayo haikuandikwa ya mume wala ya mke. Basi siku hizi mjukuu humletea bibi yake kichupa cha namna hiyo, na kumweleza udi ni kitu gani! Bibi ambaye sanduku lake la nguo limefukizwa udi tangu siku ya harusi yake.

Kwetu hapakuwa na rafu. Nyumba ilikuwa na kijaluba kimoja. Baba alijifukiza kanzu yake ya Ijumaa kwa udi ule ule ambao mama alifukizia kanga na nywele zake. Kilichotofautiana ni adabu ya kuutumia: mwanamume alitoka nao njiani na msikitini, mwanamke aliuweka kwa nyumbani na kwa shughuli za wanawake wenzake, na mjane aliyeko edani hakuugusa mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Kikuba cha asumini kilikuwa cha mke, hapana ubishi. Udi ulikuwa wa nyumba nzima.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, na maana yake ni kijiti au ubao. Ndilo jina la kile chombo cha taarab pia. (Nilipokuwa nikisomesha, khabari hii ilikuwa ikinipatia dakika tano za utulivu darasani.) Mti wake, ambao wataalamu huuita Aquilaria, si wa kwetu wala wa Arabuni. Asili yake ni Assam, Kambodia, Vietnam, Malaysia, Indonesia na nchi za jirani. Ukiwa mzima ubao wake ni mweupe, mwepesi, wala haunukii. Ni pale unapojeruhiwa, na wadudu au na dhoruba, kuvu ikaingia kidondani, ndipo unapotoa utomvu wa kujikinga, na kwa miaka ubao ukageuka mweusi na mzito, hata vipande vyengine huzama majini. Kwa nje si rahisi kuujua mti wenye kidonda, na wakataji wenye pupa waliangusha yote. Kwa sababu hiyo mwaka 1995 mkataba wa kimataifa wa CITES uliiweka Aquilaria malaccensis chini ya ulinzi, na kuanzia 2005 aina zote za mti huu. Siku hizi uko pia udi wa mashamba, ambako miti hutobolewa na kutiwa kuvu kwa makusudi. Kwa wasafiri wetu: mkataba huo unamruhusu mtu kuchukua kwa matumizi yake, bila ya kibali, kilo 1 ya vipande na mililita 24 za mafuta, lakini ulizeni kwanza, kwani nchi nyengine zina masharti yake zaidi.

Sasa tuje kwenye tabia. Asumini ni mgeni achekaye tangu mlangoni, na asubuhi kishanyauka. Mawardi ni mpole, hana adui. Udi sivyo. Mafuta yake, khasa ya Kihindi, ukiyapaka tu yananuka zizi na ngozi, na asiyezoea hukunja pua. Ngoja saa moja. Ukali huondoka, hubaki kitu cha joto na kitulivu ambacho hukaa katika nguo kwa siku nyingi. Nawajua watu wa namna hiyo. Marehemu shangazi yangu alikuwa mmoja wao: akiingia harusini hukaa karibu na mlango, hasemi, na asiyemjua humdhania ana kiburi. Lakini kila ugomvi wa ukoo ulipelekwa kwake. Kaka yake alipaka mafuta ya kichupa kile kile, na kwake yakawa makelele, kwani alipaka mpaka ndevu. Kwa hivyo mimi siyaamini matangazo yanayosema kuwa manukato humpa mtu tabia asiyokuwa nayo. Udi humfichua tu.

Linalonitia mashaka ni watoto wetu waliokulia ugenini. Binti mmoja wa jamaa zetu, huko Uingereza, aliambiwa na wenzake kazini kwamba ananuka moshi. Akaacha udi miaka miwili, hata nguo za Idi alizotumiwa na mama yake, zilizokwisha kufukizwa, akazifungia sanduku la peke yake zisiambukize nyengine. Khalafu wenzake hao hao wakaanza kununua udi wa chupa kwa mamia ya pauni na kuusifu mbele yake. Alinieleza haya akicheka, lakini alipofika kwenye lile sanduku hakucheka. Sasa ameurudia. Hutia tone moja nyuma ya sikio, na nguo za kazini hazifukizi.

Wanaokaa katika fleti wasiogope kengele ya moshi. Chetezo cha umeme kinafaa kwa kuwa hakiunguzi. Wenye kutumia mkaa waufunike kwa jivu kwanza, kwani udi ukikutana na moto mtupu huungua mara moja, ukabaki unanuka kuni. Na wenye kutoa zawadi za harusi, msinunue vichupa viwili, cha bwana na cha bibi. Nunueni robo tola ya mafuta mazuri, kichupa kimoja, muwaachie wenyewe wagombanie nani amekimaliza.