Kopesha Wenzako kwa Simu, Faida Bila Kodi: Maswali ya Kuuliza Kwanza

Wanachama wa vyama vya akiba wanaofika katika ofisi zetu za ushirika siku hizi huja na simu mkononi. Wanafungua ujumbe waliotumiwa kwenye kundi la WhatsApp na kuuliza: "Hii ni kweli ama tunaibiwa?" Maneno ya ujumbe hubadilika, lakini ahadi ni ileile. Pakua programu, weka elfu kumi, pesa zako zikopeshwe Wakenya wenzako, upate riba kubwa kuliko ya benki, na juu ya hayo hutatozwa kodi.

Jibu ni kwamba kukopeshana mtu kwa mtu si utapeli, na akiba isiyotozwa kodi ipo hapa Kenya. Lakini hivyo ni vitu viwili tofauti. Anayekuuzia vyote viwili katika kikapu kimoja anafaa kuulizwa maswali, na la kwanza si riba ni ngapi. La kwanza ni hili: aliyekopa asipolipa, hasara ni ya nani?

Tuanze na jambo mnalolijua. Chama kinachokusanya mchango kila wiki na kuwakopesha wanachama papo hapo mezani, wengine huita benki ya mezani, ni mkopo wa mtu kwa mtu. Hakuna benki katikati. Pesa za Mwanaisha ndizo anazochukua Kadzo kununua samaki, na riba ya Kadzo ndiyo faida ya Mwanaisha mwisho wa mwaka. Mpango huu hufanya kazi kwa sababu Mwanaisha anamjua Kadzo, anajua kibanda chake, anajua mumewe ni mgonjwa au mzima, na wanakutana Jumamosi ijayo wapende wasipende. Aibu ya kukutana na wenzako huku una deni ni dhamana ambayo benki haina.

Programu ya simu inaondoa hayo yote. Unamkopesha mtu usiyemjua, na badala ya macho yako unategemea hesabu za kampuni iliyo katikati. Kampuni hulipwa ada kwa kila mkopo unaotoka. Kwa hivyo kampuni hupata chake siku mkopo unapotolewa, na wewe hupata chako siku unapolipwa. Mtu aliyewahi kuwa mweka hazina ataelewa mara moja kwa nini tofauti hiyo ni muhimu.

Hesabu ya watu kumi

Chukua mfano wa Sh100,000. Umewagawia watu kumi, Sh10,000 kila mmoja, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka. Wote wakilipa, utarudishiwa Sh120,000. Faida ni Sh20,000 na ndiyo picha inayowekwa kwenye tangazo.

Sasa mmoja ahame mji na azime simu. Tisa waliobaki wanakulipa Sh12,000 kila mmoja, jumla Sh108,000. Faida imeshuka kutoka 20,000 hadi 8,000. Wakitoroka wawili, unapokea Sh96,000. Umekopesha mwaka mzima, umehangaika, na umepoteza Sh4,000 za mtaji wako. Watu wawili tu kati ya kumi wameigeuza riba ya asilimia 20 kuwa hasara, na hapo hatujahesabu ada ya kampuni wala kodi.

Kuhusu kodi, hapa kwetu hakuna sheria inayoisamehe faida ya kumkopesha mtu kupitia programu. Riba ni mapato kama mapato mengine, na isipokatwa njiani ni wewe unayepaswa kuitangaza kwa KRA. Tangazo linalosema mikopo ya namna hiyo haina kodi limedanganya, au limenakiliwa kutoka nchi nyingine.

Nchi hiyo mara nyingi ni Uingereza, na yaliyotokea huko yanafaa kusimuliwa kwa sababu wao walianza zamani. Kampuni ya Zopa ilifungua huduma hii mwaka 2005, watu wa kawaida wakikopeshana kwa kiasi kidogo kidogo kupitia intaneti. Aprili 2016 serikali ya huko ikaruhusu mikopo hiyo iwekwe ndani ya ISA, akaunti maalum ambazo faida yake haitozwi kodi, na kuanzia Aprili 2017 mtu aliruhusiwa kuweka katika akaunti zake za ISA hadi pauni 20,000 kwa mwaka. Wengi wakaona kwamba ikiwa serikali imesamehe kodi, basi serikali imepima na kuridhika.

Haikuwa hivyo. Msamaha wa kodi ulihusu faida, kama ingepatikana. Mtaji haukulindwa. Mfuko wa Uingereza unaowafidia wenye akiba benki inapoanguka haukuwafidia waliokopesha kwa njia hii mikopo yao isipolipwa, hata pesa zikiwa ndani ya ISA. Mei 2019 kampuni ya Lendy, iliyokopesha wajenzi wa majumba kwa pesa za wawekezaji wadogo, ilifilisika ikiwa na mikopo ya zaidi ya pauni milioni 160 ambayo haijalipwa. Desemba mwaka huohuo, mamlaka ya fedha ya huko ikaweka masharti kwamba mwekezaji mpya asiye mtaalamu asiweke zaidi ya sehemu ya kumi ya mali yake ya uwekezaji katika mikopo hii. Mwaka 2020 COVID-19 ilipoingia na watu wakataka pesa zao haraka, kuna kampuni zilizositisha kwa muda njia ya kuuza mikopo na kutoka. Zopa yenyewe ilifunga upande huo wa biashara mwishoni mwa 2021 na kubaki benki, na kwa heshima yake iliinunua mikopo iliyobaki na kuwalipa wakopeshaji wake.

Kwa hivyo wapo waliopata faida nzuri na wakaondoka salama. Wapo pia waliolala wakijua wana akiba, wakaamka na kugundua walikuwa na madeni ya watu wengine.

Nani anasimamia nini hapa Kenya

Watu wengi huona neno "leseni" na kutulia. Uliza ni leseni ya nini. Chini ya kanuni za mwaka 2022, Benki Kuu ya Kenya hutoa leseni kwa kampuni za kukopesha kwa simu. Leseni hiyo inairuhusu kampuni kukukopesha wewe. Haiiruhusu kuchukua amana kutoka kwa umma. Kampuni ikikuonyesha leseni hiyo kisha ikakuomba uweke pesa zako ili izikopeshe, imekuonyesha karatasi isiyohusika. Mchango wa uwekezaji kutoka kwa watu wengi kupitia mtandao una kanuni zake, pia za mwaka 2022, na unasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. SACCO zinazochukua amana husimamiwa na SASRA. Mamlaka hizi zote huweka hadharani majina ya walioidhinishwa. Tafuta jina kamili, herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda jina linalokaribia la kampuni halali.

Jambo lingine lisilojulikana vizuri: KDIC, shirika la kulinda amana, humlipa mwenye akaunti hadi Sh500,000 benki yake ikianguka. Kinga hiyo ni ya amana zilizo katika benki na taasisi ndogo za fedha zenye leseni ya Benki Kuu. Haifiki kwenye SACCO, haifiki kwenye chama, na haifiki kwenye programu ya kukopeshana.

Akiba isiyotozwa kodi iko wapi basi?

Ukiweka pesa benki na zikazaa riba ya Sh10,000, benki hukata asilimia 15, Sh1,500, na kuipelekea KRA kabla pesa hazijakufikia. Haiulizi kama wewe ni mkurugenzi au mama mboga. Ndiyo maana faida isiyokatwa kodi ina maana kubwa hata kwa mtu mdogo. Riba ya asilimia 10 isiyo na kodi inalingana na riba ya benki ya karibu asilimia 12.

Mahali pa wazi zaidi pa kuipata ni hatifungani za miundombinu za serikali ya kitaifa. Unaikopesha serikali kwa ajili ya barabara, maji au umeme, nayo inakulipa riba kila miezi sita bila kukata kodi. Iliyotolewa Februari 2024 ilikuwa na riba ya asilimia 18.46, yaani Sh18,460 kwa mwaka kwa kila Sh100,000, zote mkononi. Watu waliikimbilia, na si ajabu. Viwango hivyo havikudumu, vilishuka baadaye, kwa hivyo mtu akikutajia asilimia 18 leo mwulize ni ya toleo gani.

Ugumu wake ni kizingiti. Hatifungani za miundombinu kwa kawaida huanzia Sh100,000. Serikali iliwahi kujaribu kukishusha: mwaka 2017 ilitoa M-Akiba, hatifungani ya miaka mitatu iliyonunuliwa kwa simu kuanzia Sh3,000, riba asilimia 10, bila kodi. Toleo la kwanza la Sh milioni 150 lilimalizika upesi. Toleo kubwa lililofuata, la Sh bilioni 1, lilipata takriban robo tu ya pesa zilizotarajiwa. Kwa maoni yetu wazo lilikuwa zuri na lilihitaji kuelezwa sokoni zaidi ya kutangazwa runingani. Anayetaka kununua hatifungani moja kwa moja sasa hutumia mfumo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD, ulioanza 2023. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA, akaunti ya benki na simu. Huhitaji wakala, na anayekuomba "ada ya kukufungulia" anakula jasho lako bure.

Lakini hatifungani nazo zina mtego wake. Ni za miaka mingi. Ukihitaji karo ya mtoto katikati, itabidi uuze sokoni, na viwango vya riba vikiwa vimepanda tangu ununue, utauza kwa bei ya chini kuliko uliyolipa. Pesa za karo ya Januari hazifai kukaa humo.

Njia nyingine ni akiba ya uzeeni. Mchango kwa mpango uliosajiliwa hupunguziwa kodi hadi Sh30,000 kwa mwezi, kiwango kilichopandishwa kutoka Sh20,000 mwishoni mwa 2024. Hapa lazima tuseme wazi kwamba msamaha huu unamfaa anayelipa kodi ya mapato. Mwalimu na muuguzi watauona kwenye hati ya mshahara. Mwenye kibanda anayepata chini ya Sh24,000 kwa mwezi halipi kodi hiyo, basi hakuna cha kupunguziwa. Yeye anaweza kuwa na sababu nyingine za kujiwekea ya uzeeni, na mipango kama Mbao, iliyoanza 2011 kwa watu wa jua kali kuweka shilingi ishirini kwa siku, iliundwa kwa ajili yake. Asishawishiwe tu kwa neno "kodi".

Na chama chenu?

Hakuna haja ya kukivunja ili kukimbilia simu. Kina hatari yake, nayo si ile watu wanayoifikiria. Wengi huogopa mweka hazina kutoroka, na hilo hutokea, ndiyo maana pesa zikae benki, watu watatu waweke sahihi, na salio lisomwe kwa sauti kila mkutano. Hatari iliyojificha ni kwamba wanachama wote wanauza katika soko moja. Soko likiungua au bahari ikichafuka mwezi mzima, waliokopa wote hushindwa kulipa wiki moja, na waliokopesha ndio haohao waliounguliwa. Hapo kufahamiana hakusaidii. Kwa sababu hiyo tunavishauri vyama visikopeshe fedha zote. Acheni sehemu mahali ambapo moto wa soko lenu hauwezi kufika, iwe akaunti ya benki iliyo chini ya kinga ya KDIC au hatifungani, kila moja na muda wake.

Chama ambacho hakijasajiliwa kifanye hivyo katika ofisi ya huduma za jamii iliyo karibu, chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022. Katiba iandike riba ni ngapi, nani anaruhusiwa kukopa, na mwanachama akifariki na deni itakuwaje. Swali la mwisho huleta kimya kwenye mkutano, lakini ni afadhali kimya hicho leo kuliko kelele matangani.

Vyama vinavyotaka kukua na kuwa SACCO vifike katika ofisi ya ushirika ya kaunti vikiwa na vitabu vya hesabu vya miaka miwili iliyopita. Na aliyepokea ujumbe wa programu asiyo na hakika nayo alete simu kama ilivyo, asiufute. Maafisa watamsaidia kutafuta jina hilo kwenye orodha za mamlaka husika kabla hajatuma hata shilingi moja.