Lenzi ya Kupigia Picha Ndani ya Hoteli na Kantini



Yako matawi yanayoendesha kantini na nyumba za wageni kwa ushirika, nayo hutaka picha za vyumba na ukumbi kwa ajili ya matangazo. Ziko pia kamati za wafanyakazi wa hoteli, na za kantini za viwanda na mashamba, zinazohitaji picha za jikoni ili kuziweka mezani wakati wa kujadiliana na mwajiri. Kamera yaweza kuwa moja, lakini lenzi inayofaa kwa kazi ya kwanza yaweza kuiharibu ya pili. Kamera hununuliwa kwa ada za wanachama, kwa hiyo yafaa tuelewane kabla ya fedha kutoka.

Kila lenzi ina namba ya milimita. Namba ikiwa ndogo, lenzi huona mahali papana zaidi. Picha ya filamu ya kawaida ina upana wa milimita 36, na ziko kamera za dijitali za kipimo hicho hicho. Ili kujua lenzi itaona upana gani, pima mita kutoka kamera hadi ukuta wa mbele, zidisha kwa 36, kisha gawanya kwa namba ya lenzi.

Tuchukue mfano wa chumba cha wageni chenye upana wa mita 3 na nusu. Mpiga picha ameegemea mlango, na ukuta wa mbele uko mita 3 kutoka kamera. Lenzi ya 50 itaona mita 2.16 tu za ukuta huo. Ya 35 itaona mita 3.09, ya 28 mita 3.86, ya 24 mita 4.5, na ya 18 mita 6. Basi chumba hicho chatosha kwa lenzi ya 28. Aliyenunua ya 50 kwa sababu ilikuwa rahisi atapata nusu ya kitanda na kipande cha dirisha.

Kamera nyingi za dijitali hupokea picha kwenye kipande kidogo zaidi, chenye upana wa karibu milimita 24. Kwa kamera hizo tumia 24 katika hesabu badala ya 36. Ndiyo maana lenzi ya 16 kwenye kamera ndogo huona sawa na ya 24 kwenye kamera kubwa. Muulize muuzaji kamera yako ni ya kipimo gani, tena nenda nayo dukani, maana lenzi ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye kamera ya kampuni nyingine. Mwenye simu pia asikate tamaa. Kamera kuu ya simu nyingi ni sawa na lenzi ya 24 hadi 28, nayo yatosha.

Sasa tuje kwenye hatari. Lenzi pana sana humwezesha mtu kusimama karibu mno na vitu. Vilivyo karibu huwa vikubwa na kurefuka, na ukuta wa mbele huonekana uko mbali kuliko ulivyo. Chumba cha kubanana hugeuka ukumbi. Mgeni huvutwa na tangazo, hulipa, kisha hufika na kukuta kitanda kimegusa kuta mbili. Aliyepiga picha hayupo, na meneja yuko ofisini. Anayetukanwa ni mfanyakazi wa mapokezi, na anayeitwa kueleza kwa nini mgeni amedai fedha zake ni yeye huyo huyo.

Jikoni mambo ni mabaya zaidi. Wapishi wanapishana kwa ubavu kando ya mafuta ya moto, kamati yapiga picha kwa lenzi ya 16 kwenye kamera kubwa ili kila kitu kionekane, na picha yaonyesha nafasi tele. Mwajiri hahitaji kujibu neno, kwa kuwa picha imemjibia. Kwa kazi hii tumieni lenzi ya 35 au 28, hata kama itabidi kupiga picha tatu badala ya moja. Tandazeni futi ya kupimia kwenye njia ya kupita, ionekane namba zake, na aliyekubali kupigwa picha asimame hapo. Andikeni tarehe na vipimo.

Mkiandika barua, kumbukeni kwamba Pendekezo Na. 102 la mwaka 1956 la Shirika la Kazi Duniani linahusu kantini na mahali pa kulia pa wafanyakazi. Pendekezo si sheria, lakini ni msingi wa hoja. Wala mfanyakazi mmoja asiingie na kamera kwa siri, akampa mwajiri sababu ya kumwadhibu. Kamati iombe ruhusa kwa maandishi.

Namna ya kupiga ni hii. Kamera iwe kwenye stendi ya miguu mitatu, usawa wa kifua, bila kuinamishwa, la sivyo kuta zitaonekana zinaanguka. Weka tundu la lenzi kwenye 8, vitu vya karibu na vya mbali vitoke wazi. Mwanga ukitaka nusu sekunde, stendi itavumilia. Kwa hiyo msilipie lenzi ghali yenye tundu kubwa la 1.4, fedha hiyo inunue stendi imara. Kama lenzi ni ya mkono wa pili, itazameni mbele ya taa. Mkiona nyuzi kama utando wa buibui ndani, huo ni ukungu, iacheni.

Shauri letu ni kwamba tawi lenye kamera ya kipimo kikubwa linunue lenzi ya 28, au 24 ikiwa vyumba ni vidogo sana. Chini ya 20 msiende. Kabla ya kununua, ingieni katika chumba chenu kidogo kuliko vyote, mpime, na mfanye hesabu tuliyoieleza mbele ya mweka hazina.