SOMO LA TISA: NIRA YA YEZU SI KONGWA



Leo twataka kueleza neno moja la Bwana wetu, ambalo wengi hulisikia kanisani bila kulifahamu vema. Katika Injili ya Mateo, sura ya 11, Yezu anawaita wote waliochoka na kulemewa na mizigo, naye anaahidi kuwapumzisha. Lakini papo hapo anawaambia wajitwike nira yake. Mwenye kufikiri atauliza: Je, mtu aliyechoka hupumzishwaje kwa kupewa mzigo mwingine? Tutajibu swali hilo hatua kwa hatua.

1. Kongwa walilolijua babu zetu

Nchi yetu ya Kasongo na Kabambare yaujua uchovu tangu zamani. Wakati wa Tippu Tip njia kuu ya misafara ilitoka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Katika njia ile walipita wapagazi wenye pembe za ndovu vichwani, na watumwa wenye kongwa shingoni. Kongwa ni mti wenye panda, uliofungwa shingoni mwa mtu ili asikimbie. Alilala nalo, aliamka nalo, hata njaa na ugonjwa havikumfungua.

Mji wa Kasongo ulitekwa na majeshi ya Serikali ya Kongo ya Leopold tarehe 22 Aprili 1893. Kongwa likatolewa shingoni, lakini mzigo ukabaki kichwani: upagazi wa lazima, na baadaye pamba ya lazima wakati wa Wabelgiji. Tena vikaja vita vya mwaka 1964, vya 1996 na vya 1998, na watu wengi wakakimbilia msituni na watoto mgongoni. Hata baada ya hayo, wengi wa Salamabila na vijiji vya jirani wameacha nyumba zao kwa kuogopa watu wenye silaha.

Basi Yezu anaposema juu ya waliochoka, tusidhani anawataja watu wa mbali. Anatutaja sisi.

2. Nira ni kitu gani?

Kwetu hatulimi kwa ng'ombe, kwa hiyo nira hatuijui kwa macho. Nira ni mti unaowekwa juu ya shingo za ng'ombe wawili, ili wavute jembe pamoja. Angalieni neno hilo: wawili, tena pamoja. Kongwa ni la mtumwa, nalo lamfunga ili auzwe. Nira huunganisha wawili ili kazi ya mmoja iwe nyepesi kwa nguvu za mwenzake.

Sasa jibu la swali letu laonekana. Yezu hakuahidi kwamba mkristu hatalima tena, wala kwamba hatalia, wala kwamba hatakimbia vita. Ameahidi kuingia Yeye mwenyewe katika nira, kuvuta pamoja nasi. Mzigo ule ule wa kumlea mgonjwa, ukibebwa na mtu peke yake, humvunja. Ukibebwa pamoja na Yezu, humtakasa. Hayo ndiyo mapumziko ya moyo.

3. Ushuhuda wa mtumwa aliyepumzika

Mtakatifu Yosefina Bakhita alizaliwa katika nchi ya Darfur, huko Sudani. Angali mtoto aliibwa, akauzwa mara nyingi, akapigwa na kuchanjwa mwili kwa kisu. Mwishowe alipelekwa Italia, na huko alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akawa mtawa. Alikufa mwaka 1947, na Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mtakatifu mwaka 2000. Makovu yake hayakufutika hata siku ya kufa. Lakini alikuwa amewajua mabwana wengi wabaya, na sasa alimjua Bwana mmoja aliyempenda, ambaye Mwenyewe alikubali kupigwa. Akawasamehe waliomwiba. Hakusema kwamba utumwa ni mwema. Alisema kwa maisha yake kwamba chuki nayo ni kongwa, na kwamba Yezu alikuwa amelifungua.

4. Mapumziko ya uongo

Mtu aliyechoka hutafuta pa kuegemea, na shetani humwonyesha miti iliyooza. Mmoja hunywa lotoko ili asahau. Asubuhi taabu yamngoja mlangoni, nayo imeongezeka kwa deni. Mwingine huenda kwa mganga ili aambiwe nani amemloga mtoto wake. Arudipo nyumbani amepoteza mbuzi wake, tena amepata adui, yaani jirani au shangazi yake. Mwingine asema: Moyo wangu utatulia siku nitakapolipiza kisasi. Lakini aliyemwua adui yake hulala akisikiliza nyayo za watoto wa adui yule.

5. Njia tatu za kupumzika katika Yezu

Njia ya kwanza ni Kitubio. Hakuna mzigo unaolemea kama dhambi iliyofichwa. Wengine huogopa kuungama mambo waliyotenda wakati wa vita. Jueni hakika: padri hawezi kutoa siri ya maungamo kwa mtu ye yote, hata akitishwa kuuawa. Lakini Kitubio chadai ukweli. Aliyeiba baiskeli ya mwenziwe airudishe. Kama mwenyewe amekufa, awape warithi wake. Kama hawajulikani, awape maskini. Nanyi mnaokaa mbali, ambao padri huwafikia mara chache, msikate tamaa. Mtu akijuta kwa sababu amemchukiza Mungu anayempenda, akiazimu kweli kuungama mara apatapo padri, majuto hayo kamili yampatia msamaha hata kabla padri hajafika.

Njia ya pili ni Dominika. Mungu aliwaamuru Waisraeli kupumzika, akawakumbusha kwamba walikuwa watumwa Misri, kwa maana mtumwa hana siku yake. Tena aliamuru mtumishi na mnyama nao wapumzike. Basi Dominika ni alama ya mtu huru. Ninyi wenye mashimo ya dhahabu, msiwalazimishe vijana kuchimba siku hiyo, hata mkidhani mwamba mzuri u karibu. Nanyi akina baba, msiseme mmeshika Dominika mkiwa mmekaa barazani, hali mama wa watoto amekwenda mtoni mara tatu, akatwanga, akapika, akachoka kuliko Jumamosi. Chukueni ndoo. Kazi za lazima, kama kumpikia mgonjwa au kumvusha mtu hatarini, hazivunji amri, kwani Yezu mwenyewe aliponya siku ya Sabato. Na pasipo padri, kusanyikeni pamoja na katekista wenu msikilize Neno la Mungu na kusali.

Njia ya tatu ni Ekaristi pamoja na sala. Katika Komunyo, Yule anayevuta nira pamoja nasi anakuwa chakula chetu cha safari. Na jioni, kabla ya kulala, mtajieni Yezu mzigo wenu kwa jina lake: karo ya mtoto, homa ya mke, shamba lililoliwa na nguruwe. Msione aibu.

6. Mapumziko yasiyoondolewa na kifo

Mtu atasema: Na wakija kuniua? Tazameni jirani zetu wa Fizi na Baraka. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa huko Padri Luigi Carrara, Bruda Vittorio Faccin, Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Padri Carrara alikuwa akiungamisha watu. Alipotoka na kuona ndugu yake Faccin amepigwa risasi, alikataa kuondoka, akachagua kufa pamoja naye. Tarehe 18 Agosti 2024 huko Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri. Hatusemi kwamba hawakuogopa. Twasema kwamba hofu haikuwa bwana wao.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Swali: Kongwa na nira vyatofautianaje?
Jibu: Kongwa humfunga mtu peke yake kwa nguvu, nira ya Yezu hutuunganisha naye kwa mapendo, naye huvuta pamoja nasi.

Swali: Je, mkristu mwema hapati taabu?
Jibu: Hupata, lakini haibebi peke yake.

Swali: Tunapata wapi mapumziko ya moyo?
Jibu: Katika Kitubio, katika Dominika iliyoshikwa vema, na katika Ekaristi pamoja na sala.

Azimio: Juma hili nitamtafuta mtu mmoja niliyekosana naye, tena Dominika nitampunguzia kazi mtu mmoja wa nyumba yangu.

Sala: Ee Bwana Yezu, uliyeuchukua msalaba mabegani, tazama mabega yetu. Utufungulie kongwa la dhambi na la chuki. Utuweke katika nira yako, uvute pamoja nasi leo na kesho, hata tufike nyumbani kwa Baba. Amina.