Sandarusi Mnadani: Sayansi Iliyofichwa Katika Magari ya Kale ya Farasi

Gari la kale la farasi liletwapo mnadani hutanguliwa na karatasi ya maelezo yenye mistari michache: aina yake, karakana iliyoliunda, mwaka unaokadiriwa, na hali ya magurudumu. Mnunuzi mzoefu huisoma karatasi hiyo, akaitia mfukoni, kisha akachukua tochi na kuinama. Hutazama chini ya kiti cha mwendeshaji, nyuma ya ubao wa kuwekea miguu, na mahali mlango unapokutana na nguzo yake. Huko brashi ya fundi wa baadaye hufika kwa taabu, na kwa hiyo huko ndiko hubaki rangi ya kwanza.

Minada ya namna hii imekuwa ikifanyika kwa miaka mingi nchini Uingereza, ambako mji wa Reading ulipata sifa kwa ajili yake, na pia Marekani, hasa Pennsylvania, jimbo ambalo Waamish wangali wakisafiri kwa magari ya farasi hadi leo. Hapo huuzwa kila kitu, tangu mkokoteni wa shambani hadi brougham, gari dogo lililofunikwa ambalo la kwanza liliundwa London mwaka 1838 kwa ajili ya Lord Brougham. Wanunuzi nao si wa aina moja. Mmoja anataka gari la kupeleka maharusi kanisani, mwingine la mashindano, mwingine la filamu, na wachache wametumwa na makumbusho. Watu hawa wanapotazama gari lile lile hawaoni kitu kile kile. Anayetaka kuliendesha hupenda ling'ae. Mtu wa makumbusho huogopa mng'ao mpya, kwa kuwa hajui ni kitu gani kilichokwanguliwa ili mng'ao huo upatikane.

Uchunguzi huanzia kwenye magurudumu. Kwa jumla gurudumu la gari la farasi si bapa. Njiti zake zimeinama nje kidogo, hata likitazamwa upande huonekana kama sinia lenye kina kifupi. Kwa muda mrefu mafundi waliliunda hivyo kwa kufuata mazoea ya wazee wao tu. George Sturt, aliyerithi karakana ya magurudumu huko Farnham, Uingereza, na kuandika kitabu juu yake mwaka 1923, alieleza jinsi alivyochukua muda kuigundua sababu. Farasi atembeapo huyumba kulia na kushoto. Kila myumbo husukuma kitovu cha gurudumu kwa ubavu, na gurudumu bapa lingelegea upesi. Gurudumu lenye umbo la sinia huupinga msukumo huo kama tao linavyoupinga uzito wa ukuta uliolijengwa juu yake.

Kila sehemu ilikuwa na mti wake. Kwa desturi ya Uingereza kitovu kilichongwa kwa mti wa jenasi Ulmus, ambao nyuzi zake zimesokotana na hivyo haupasuki kwa urahisi unapotobolewa matundu mengi. Njiti zilikuwa za mwaloni uliopasuliwa kwa shoka, wala haukukatwa kwa msumeno, ili nyuzi ziende moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Vipande vya mzingo mara nyingi vilikuwa vya mti wa jenasi Fraxinus, unaonyumbulika na kustahimili mishtuko. Vyote hivyo vilibanwa na pete ya chuma iliyopashwa moto. Mwanafunzi wa fizikia aweza kupiga hesabu mwenyewe: chuma hutanuka kwa sehemu 12 hivi katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Pete yenye mzingo wa mita 4 ikipashwa hadi joto lake lizidi kwa nyuzi 500 itarefuka kwa milimita 24. Huvikwa ikiwa nyekundu, humwagiwa maji mara moja kabla mbao hazijaungua, nayo husinyaa na kuvikaza viungo vyote kwa nguvu isiyoweza kupatikana kwa nyundo.

Hata hivyo mbao nazo husinyaa. Gari likikaa miaka mingi katika ghala kavu, mti hupoteza unyevu na kupungua upana, ilhali chuma hakipungui. Ndiyo sababu mnunuzi hugonga pete na kuzitikisa njiti kabla ya kutaja bei. Tatizo hili laweza kutengenezwa, kwa gharama. La springi ni jepesi zaidi kulitambua. Springi za vipande vya chuma vilivyopinda mfano wa yai, ambazo Obadiah Elliott alizipatia hataza mwaka 1804, ziliwezesha magari kuundwa bila ule mti mzito uliounganisha ekseli ya mbele na ya nyuma. Gari lenye springi hizo, likidaiwa kuwa la karne ya 18, lina jambo la kueleza.

Jina la karakana halitoshi kuwa ushahidi, kwa maana kifuniko cha kitovu chenye jina hufunguliwa kwa dakika chache na kuhamishiwa gari jingine. Kinachohamishika kwa shida ni rangi.

Gari zuri la karne ya 19 halikupakwa rangi siku moja wala juma moja. Kwanza zilipakwa tabaka za risasi nyeupe iliyochanganywa na mafuta ya kitani, kisha tabaka za kujazia zilizosuguliwa kwa pumisi na maji mpaka ubao ukawa laini kama kioo. Zilifuata tabaka za rangi yenyewe, na juu ya yote vanishi kadhaa, kila moja ikingojewa ikauke. Tabaka kumi na tano au zaidi hazikuwa ajabu. Vanishi ya mwisho ilipaswa kuwa ngumu, angavu na yenye kustahimili matope, jua na kuoshwa kila siku. Kwa kazi hiyo watengenezaji wa Ulaya na Marekani walithamini sana utomvu mmoja uliowafikia kupitia bandari ya Unguja, yaani sandarusi.

Sandarusi ni utomvu wa mti wa msandarusi, ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa. Iliyo bora haikugemwa mtini. Ilichimbwa ardhini katika Mrima, mahali misitu ilipokuwa imetoweka zamani na utomvu wake ukabaki mchangani. Si kaharabu, umri wake ni wa mamia au maelfu ya miaka, wala si mamilioni. Lakini katika muda huo molekuli zake zimekwisha kuungana na kuwa ngumu kupita utomvu mbichi. Ikisafishwa ukoko wake, uso wake huonekana wenye vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na kwa alama hiyo wafanyabiashara waliitambua. Ile mbichi watu wa pwani waliiita chakazi. Wageni walilipotosha neno hilo wakaigeuza kuwa jackass, yaani punda dume, na jina hilo la kuchekesha likaingia katika vitabu vya biashara kana kwamba lina maana.

Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na baada yake meli za Salem, Massachusetts, zilibeba sandarusi nyingi pamoja na pembe za ndovu. Huko Salem palikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Wachimbaji, wakiwamo Wazaramo, walifanya kazi kwa jembe na mikono, nao walikaa katika nchi ambayo magari ya farasi yalikuwa adimu mno, kwa kuwa ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o huua farasi. Basi mng'ao wa magari ya matajiri wa New York na London kwa sehemu ulitoka katika ardhi ambayo magari yenyewe hayakuweza kuivuka.

Si kila gari lilipakwa sandarusi ya Unguja. Zilitumika pia tomvu za Afrika Magharibi, na ile ya mti wa kauri kutoka New Zealand. Ili kuzitofautisha hapana budi kwenda maabara. Mtaalamu huchukua kipande kidogo kuliko kichwa cha pini, hukigandisha ndani ya plastiki angavu, hukisugua ubavu wake hadi ukawa laini, kisha hukiweka chini ya hadubini. Tabaka huonekana zikiwa zimepangana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Chini ya mwanga wa urujuanimno vanishi za kale za utomvu hung'aa kwa rangi ya manjano yenye ukijani, na uchafu uliokaa baina ya tabaka mbili huonyesha kwamba gari lilitumika kwa muda kabla ya kupakwa tena. Rangi nazo zina tarehe zao. Manjano ya kromu haikuwako kabla ya kromu kugunduliwa mwaka 1797. Nyeupe ya titani ilianza kuuzwa baada ya mwaka 1915 tu. Ikionekana katika tabaka ya chini kabisa ya gari linalosemwa kuwa la mwaka 1850, ama ubao ule ulikwanguliwa, ama si wa gari lile.

Utomvu wenyewe hutambuliwa kwa kromatografia ya gesi pamoja na spektrometa ya masi. Kazi hiyo ni ngumu. Ili sandarusi iyeyuke katika mafuta ya kitani, mtengenezaji wa vanishi aliipasha moto hadi zaidi ya nyuzi 300, na joto hilo huvunja nyingi kati ya molekuli zinazotafutwa. Hubaki chembe chache za kuitambulisha, na hizo zapatikana tu iwapo vanishi ingaliko.

Hapo ndipo mnada huleta hasara. Muuzaji aliyerithi gari lililofubaa huona nyufa na weusi, akadhani ni uchafu. Majuma machache kabla ya mauzo huajiri mtu wa kulikwangua kwa dawa au msasa na kulipaka upya, kwa sababu wanunuzi wa kuliendesha watashindania gari linalong'aa. Mara nyingine bei hupanda kweli. Lakini tabaka kumi na tano huishia sakafuni zikiwa vumbi, na vumbi hilo lina risasi, sumu kwa anayelivuta. Dalali naye hana zaidi ya dakika chache kwa kila gari, na neno "limekarabatiwa" katika karatasi yake laweza kuwa na maana ya njiti mbili zilizobadilishwa au ya gari zima lililofanywa upya.

Haimaanishi kwamba kila kitu kiachwe kama kilivyo. Gari litakalobeba watu haliwezi kutegemea gurudumu lililooza. Mafundi waangalifu huunda magurudumu mapya na kuyahifadhi yale ya zamani yakiwa na vibandiko. Hupiga picha kila hatua, na huacha walau mlango mmoja au sehemu ya chini ya kiti bila kuguswa. Gari ambalo Rais Abraham Lincoln alipanda kwenda Ford's Theatre usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 lilinunuliwa na Clement Studebaker mwaka 1889, nalo lingali likionyeshwa South Bend, Indiana. Gari la namna hiyo lina hati zake. Lililo mengi mnadani hayana hati yoyote ila ngozi yake yenyewe.

Mnunuzi akishinda na kulichukua gari ambalo halijakwanguliwa, kazi yake ya kwanza ni kutafuta banda lisilo na jua kali, lenye unyevu usiopanda na kushuka ghafla, na lisilopakana na zizi. Mkojo wa farasi hutoa amonia, na gesi hiyo hufubaza na kupasua vanishi. Miongozo ya magari ya karne ya 19 ilikwisha kuwaonya wenye magari wasifungue mlango kati ya banda la gari na zizi la farasi.