Kibuyu cha Juu ya Meko

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu, moto ungali unawaka. Leo sina sungura wala fisi. Leo nina kitendawili.

Kitendawili!

Tega!

Nina adui anayenipiga Februari, lakini mimi humpiga Juni.

Si mbu. Si homa. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Dodoma? Naipokea kwa mikono miwili, maana jibu lenyewe linakaa huko. Nilikwenda Dodoma, nikapokewa vizuri, nikala ugali wa uwele kwa mlenda, nikashiba. Jibu ni njaa.

Naona wewe uliyekaa nyuma umekunja uso. Unajiuliza kwa nini njaa ipige Februari, wakati mvua inanyesha? Swali zuri. Katika nchi ya Wagogo mvua huja mara moja kwa mwaka, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Februari mtama umefika magotini, mlenda umestawi hadi njiani. Mgeni akipita husema, hapa pana neema. Lakini mwambie achungulie ndani ya kihenge. Atakuta vumbi na kibaba kimelala kifudifudi. Nafaka ya mwaka jana imekwisha, ya mwaka huu haijakomaa. Njaa hujificha ndani ya kijani.

Sasa chukueni kijiti mwandike chini. Tuseme nyumba yenu inakula kilo 3 za nafaka kwa siku, na mwanzoni mwa Julai mmeweka ndani magunia 9 ya kilo mia mia. Yatawatosha siku ngapi? Siku 300. Mtafika mwishoni mwa Aprili, mavuno mapya yananukia. Hesabu imekaa sawa. Lakini mnaishi peke yenu humo ndani?

Yupo mdudu mmoja mdogo kama punje ya mchele iliyovunjika, mweusi, mgumu. Anaitwa dumuzi. Kwao ni Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakubisha hodi. Inaaminika alikuja ndani ya nafaka, akakuta mahindi makavu, akasema hapa ni nyumbani. Wataalamu waliopima vihenge vya Tabora walikuta vingine vimepoteza theluthi ya mahindi ndani ya miezi michache tu. Basi toeni theluthi ya magunia yenu 9. Yamebaki 6, siku 200. Hesabuni kuanzia Julai mosi. Mmefika katikati ya Januari, na Mei iko mbali. Mvua haikukosekana na jembe halikulala, ila mdudu amewaibia miezi mitatu.

Tutampigaje? Dumuzi ana ukali wa meno, lakini anapumua kama wewe. Ndiyo siri ya mifuko iliyopewa jina la Kinga Njaa. Ina tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki ndani, kiroba nje. Unajaza mahindi makavu, unakamua hewa, unafunga kila mfuko peke yake kwa kamba. Wadudu waliomo wanavuta oksijeni iliyobaki hadi inapungua. Wanalegea, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna dawa ndani, hewa tu iliyonyimwa njia.

Lakini nimesema mahindi makavu. Mkifunga mabichi mtafuga ukungu, na ukungu una sumu inayoitwa sumukuvu. Haionekani kila mara, wala chungu hakiiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, kule Makueni, Kitui na jirani zao, mahindi yenye sumu hiyo yaliwadhuru watu 317, na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikaua watu hapa Tanzania, Dodoma na Manyara. Walioumwa walikuwa na chakula ndani. Ghala liliwasaliti.

Jaribuni wenyewe kesho. Chukueni chupa kavu ya kioo, tieni punje na chumvi kavu, tikiseni vizuri, kisha mwache itulie kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka ina maji, irudisheni juani, juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Chumvi isiposhika, ni kavu, wekeni ndani.

Sasa tazameni meko haya. Chungu kimekaa juu ya mafiga mangapi? Matatu. Ondoa moja, kinamwagika. Akiba iliyotunzwa ni figa moja tu.

Figa la pili ni shamba lenye zaidi ya mmea mmoja. Mahindi hayana subira. Yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, hindi linatoka bila punje. Mtama ukiona jua limezidi hukunja majani, husinzia, na mvua ikirudi huamka. Muhogo nao hukaa ardhini ukikusubiri, ghala lisilo na paa. Mbona basi watu wameyakimbilia mahindi? Kwa sababu mtama una kwelea kwelea, na nani anataka kushinda shambani akipiga kelele za ndege? Hindi limevaa maganda yake. Kila mmea una adui wake, ndiyo maana mwenye busara hapandi mmoja.

Figa la tatu ni watu. Kuna neno ambalo huenda nyinyi wa mjini hamlijui: kuhemea. Chakula kikiisha kwako, unafunga safari kwenda kwa jamaa ambako mvua haikukosekana. Unakwenda na mbuzi, unarudi na gunia. Mwaka ukigeuka, yeye anakuja kwako. Wagogo waliishi hivyo karne nyingi katika nchi ya ukame.

Halafu ikaja njaa iliyoitwa Mtunya. Ilikuwa mwaka 1917 hadi 1920, na jina hilo maana yake ni kinyang'anyiro. Vita vya Wazungu vilipita Ugogo. Majeshi yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Ndipo mvua nayo ikakosekana. Ukame waliuzoea, lakini safari hii vihenge vilikuwa vimeporwa, mifugo ya kubadilishia haipo, wenye nguvu za kuhemea hawapo. Mafiga yote yalitolewa kwa pamoja. Inakadiriwa kwamba katika Wagogo 150,000, watu 30,000 walikufa. Basi mtu akiwaambia kwamba njaa ni jua tu, mkumbusheni Mtunya.

Hata nchi huhemea. Mwaka 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, ikaja Tanzania kununua mahindi. Ilikuta yapo kwa sababu wakulima walivuna vizuri na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulikuwa umeyanunua wakati wa mavuno, ukayaweka kwenye maghala kama ya Songea na Sumbawanga. Wakala huo ni kihenge cha nchi nzima. Na barabara iliyo wazi kati ya nchi mbili ni ile ile njia ya jamaa mwenye mbuzi.

Moto unazimika, nami nina deni moja la mwisho.

Mwaka 1974 ukame ulikuwa mkali, na serikali ikalazimika kununua nafaka nyingi ng'ambo. Mimi nilikuwa mdogo kama wewe. Bibi yangu alikuwa na kibuyu kilichoning'inia juu ya meko, kimezibwa kwa gunzi, cheusi kwa moshi. Usiku mmoja tulilala bila kitu, tukalia tukikitazama. Tulijua mna mtama. Bibi alilia pamoja nasi, lakini hakuinuka. Nilimchukia usiku ule.

Mvua ilipokuja, alikishusha, akanimiminia mbegu kiganjani. Akasema, "Ungeila usiku ule, leo ungepanda nini?"

Wahenga walisema, shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Mwenye njaa hana nguvu za kujenga kihenge, na mwenye shibe amelewa, hakumbuki. Kazi hiyo inamtaka mtu aliyeshiba na bado ana kumbukumbu. Bibi yangu alikifunga kibuyu kile siku ya mavuno, ngoma zikilia, watu wakicheza.

Sasa ni Juni. Mmekula mkashiba? Haya, kabla ya kulala, nani atanisaidia kuhesabu magunia?