Ngumi Inayorudi Kiunoni

Ni saa moja jioni na giza linaingia. Umetoka sokoni, mkoba begani, unapita njia ile ile unayoipita kila siku. Mwanamume anatokea ubavuni, anakukamata kifundo cha mkono na kukuvuta kuelekea uchochoroni. Utafanya nini, mama?

Wengi wetu tungefanya kile ambacho mwili hukifanya bila kuulizwa: tungeuvuta mkono nyuma kwa nguvu zote. Tulijaribu jambo hili wenyewe, mmoja akimshika mwenzake, na mshikaji tukamchagua yule mwenye nguvu kuliko wote. Kwa kuvuta tu, hakuna aliyetoka. Kisha tukakunja kiwiko na kuuzungusha mkono kuelekea pale ambapo ncha ya kidole gumba hukutana na ncha za vidole vingine, huku tukirudi hatua moja nyuma. Mkono ukatoka. Vidole vinne vina nguvu, lakini gumba liko peke yake upande wake, na hapo ndipo penye mlango.

Mbinu hii hatukuibuni sisi. Imo ndani ya mazoezi ya zamani ya karate yanayoitwa kata. Msomaji asichanganye na kata ya kubebea ndoo kichwani, wala ile ya kuchotea maji mtungini. Hili ni neno la Kijapani lenye maana ya umbo au mfano. Ni mfululizo wa hatua, mapigo na mizunguko ambao mtu huufanya peke yake kwa mpangilio usiobadilika. Ukimtazama kijana akifanya kata utadhani anapigana na hewa, na tunakiri kwamba sisi nasi tuliwahi kucheka.

Karate ilitoka Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani vilivyokuwa na ufalme wao wenyewe hadi mwaka 1879. Mwalimu Itosu Anko ndiye aliyeiingiza katika shule za huko mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa ajili ya wanafunzi alipanga kata tano fupi ambazo leo wengi huziita Heian, jina lenye maana ya amani na utulivu. Mwaka 1908 alieleza kwa maandishi kwamba karate haikukusudiwa kwa kupimana nguvu na mpinzani mmoja. Ilikuwa njia ya kutumia mikono na miguu ili mtu asiumizwe na mhuni anapomjia ghafla.

Hapo pana tofauti kubwa. Mshindani wa michezo husimama mbali, husalimia, na humsubiri mwamuzi. Mhuni hushika. Hushika mkono, nguo, nywele, shingo, na huja karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Ukiitazama kata huku ukimfikiria mtu wa namna hiyo, miondoko iliyoonekana ya ajabu huanza kusema.

Kilichotushangaza zaidi ni ule mkono unaorudi. Karibu kila ngumi katika kata huenda pamoja na mkono wa pili unaorudishwa kiunoni, umefumbwa. Wanafunzi wengi huambiwa kwamba mkono huo huongeza nguvu ya pigo, basi. Lakini fikiria kwamba haurudi mtupu. Umeshika mkono wa shati la mtu, au kifundo chake, nao unamvuta kuja kwako. Akivutwa hivyo mizani yake inapotea, uso wake unakuja mbele bila yeye kupenda, nao unakutana na mkono wako mwingine. Mwanamke mwenye mwili mdogo hahitaji tena nguvu zote kutoka begani mwake, kwa maana uzito wa mshambuliaji mwenyewe unamsaidia. Hata miondoko inayoitwa kinga inaweza kusomwa hivyo: mkono mmoja unaondoa kizuizi na kushika, mwingine unafanya kazi.

Katika Heian ya kwanza, yenye miondoko 21, kuna mahali ambapo mwanafunzi huurudisha nyuma mguu wa kulia, huuzungusha mkono wake kwa duara kubwa, kisha huishusha ngumi kwa upande wake wa chini kama nyundo. Maelezo ya kawaida ya walimu ni kwamba mtu amekushika kifundo. Unajikwamua kwa ule mzunguko, kisha unapiga. Pigo hili la nyundo linatufaa sana akina mama. Vifundo vya vidole ni vyepesi kuumia vikigonga mfupa, na asiyezoea kupiga ngumi huweza kujivunja mwenyewe. Lakini upande wa chini wa ngumi una nyama, ndio ule tunaogongea meza tukikasirika. Unaweza kuushusha juu ya pua, juu ya mtulinga, au juu ya mkono unaokushika.

Kata nyingine, Naihanchi au Tekki, hufanywa kwa kwenda upande kwa upande tu, kama mtu aliyebanwa ukutani. Haihitaji uwanja, korido ya nyumba inatosha. Ndani yake kuna pigo la kiwiko linalogonga kiganja cha mkono wako mwenyewe. Kwa nini ujigonge kiganja? Kwa sababu kiganja kile kinashika kichwa cha mshambuliaji kisikwepe. Tunajua maneno haya ni makali kwa ukurasa ambao mwezi mwingine huzungumzia maandazi, lakini anayekubana ukutani hakuja kwa upole.

Kumbuka pia sauti. Katika Heian ya kwanza kuna mahali pawili ambapo mwanafunzi hupiga ukelele mkubwa kutoka tumboni. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mwanamke mwema hapazi sauti, na siku ya hatari koo hukauka. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti kuhusu wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Kabla ya mafunzo ya kujihami, asilimia 24.6 walikuwa wameshambuliwa kingono katika mwaka uliotangulia. Baada yake kiwango kilishuka hadi asilimia 9.2. Hawakufundishwa kata. Walifundishwa maneno na sauti, na mikono pia.

Hatutaki kumdanganya msomaji. Mwenye kisu anayetaka mkoba, mpe mkoba. Na ukishakwamua mkono, kimbilia penye watu. Usibaki kuona kama pigo limempata. Tena, kata bila mtu wa kukushika ni kama kujifunza kuogelea mkekani.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu zaidi. Huenda mkono unaokushika ni wa mume wako, ndani ya nyumba yako. Mbinu ya gumba inaweza kukusaidia ufike mlangoni, lakini haiwezi kukulinda kila usiku, na wakati mwingine kujibu pigo huongeza hatari. Tafadhali usilifiche jambo hilo kwa kuona haya. Tanzania kuna dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Kenya kuna simu ya bure namba 1195.

Funakoshi Gichin, mwanafunzi wa Itosu aliyeionyesha karate Tokyo mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye mshahara mdogo na familia kubwa. Katika kumbukumbu zake anamsifu mkewe. Mama huyo, akichoka na kazi, badala ya kwenda kulala alitoka nje na kufanya kata, hata akawa stadi. Majirani walipogombana kwa ajili ya ulevi ndiye waliyemwita kuwaamua, naye aliwatuliza kwa maneno.

Basi, kama una binti wa miaka kumi na kuendelea, jaribuni sebuleni jioni moja. Sogezeni meza. Mshike kifundo cha mkono, kwanza taratibu, umwonyeshe gumba liko wapi. Akunje kiwiko, azungushe mkono, arudi hatua moja, na apige kelele ya neno moja: "Niache!" Mara kumi mkono wa kulia, mara kumi wa kushoto. Usimwachilie kwa huruma, maana akizoea kuachiliwa hatajua kama ametoka kweli. Mwambie baba yake naye amshike, kwa kuwa mkono wake ni mpana kuliko wako. Kisha mbadilishane, yeye akushike wewe.