Fahamu: Uvimbe wa ateri ya nyonga na matibabu yake

Ateri za nyonga hupeleka damu kwenye kibofu, viungo vya uzazi na miguu. Mara chache, ukuta wa mojawapo hulegea na kututumka. Wanaopata zaidi ni wanaume wazee, hasa wavutaji sigara.

Mgonjwa huweza kukaa miaka bila dalili. Uvimbe ukikua hubana mrija wa mkojo au neva, naye akaumwa kiuno au mguu. Altrasaundi huweza kuugundua. Kipimo cha CT chenye dawa ya kuonyesha mishipa hupima upana wake.

Ukifika sentimita 3.5, kwa kawaida hutibiwa: stenti yenye kitambaa hupitishwa kinenani, tawi la ateri huzibwa kwa koili, au hufanywa upasuaji. Ukipasuka, damu huvujia ndani. Ukipata maumivu makali ya ghafla na kizunguzungu, wahi hospitali.